Askari wa Damu Yetu

Ndugu msomaji, kwa mtu wa Kinyangiri hapana haja ya kueleza maana ya kuchomwa mwiba. Unarudi jioni kutoka shamba la mtama, ncha ya mwiba wa mgunga imekatikia unyayoni. Usiku mguu unawaka. Asubuhi pamevimba, pana joto, ukipagusa unaruka. Siku ya tatu usaha unatoka, na ule mwiba unatoka pamoja nao. Baada ya juma moja pamepona, nawe umekwisha kusahau.

Watu wengi husema usaha ni uchafu tu. Lakini ukiutazama kwa hadubini utaona kwamba sehemu kubwa yake ni mizoga ya askari wako mwenyewe, waliokufa vitani wakikupigania. Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Twawaita askari kwa sababu kazi yao ni ulinzi: huzunguka mwilini mchana na usiku wakitafuta vijidudu, miiba na kila kitu kigeni.

Leo yafaa tuelezane habari nyingine ya askari hawa, ambayo si wengi waijuao. Askari wale wale wanaokuponya mguu ndio wanaoshiriki kuharibu mishipa ya damu ya watu wengi, mpaka mtu akaanguka kwa kiharusi au moyo wake ukasimama ghafla. Tena, askari wale wale ndio wanaosaidia kutengeneza mishipa mipya pale ya zamani ilipoziba. Habari hii yakuhusu wewe uliye kijijini, maana mengi yanayowatuliza askari hao yako shambani mwako na jikoni mwako. Na sisi tunayaacha moja moja kila senti inapoongezeka mfukoni.

MTU ALIYEWAONA WAKIPIGANA

Zamani hata mabingwa wa uganga hawakujua kazi ya chembe nyeupe. Mwaka 1882 bingwa mmoja kutoka Urusi, jina lake Ilya Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sicily, huko Italia. Alikuwa akichunguza watoto wachanga wa kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Watoto hao mwili wao ni mwangavu kama kioo. Yaliyomo ndani huonekana bila kuwapasua.

Metchnikoff akajiuliza: Je, nikimchoma mnyama huyu mwiba, kutatokea nini? Akachuma miiba ya waridi bustanini, akawachoma. Kesho yake asubuhi akaangalia kwa hadubini, akaona chembe ndogo ndogo zimekusanyika kuuzunguka mwiba, kama watu wa kijiji waliosikia yowe la mwizi. Akafahamu kwamba mwili una chembe zinazokwenda zenyewe mahali pa hatari, na kuwameza maadui. Akaziita chembe walaji. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Basi hapo ndipo tulipojua kwamba uvimbe, joto na maumivu ni dalili za mapigano. Mwiba ukitoka, askari hurudi kambini na vita vimekwisha. Hatari huanza pale ambapo vita haviishi.

NDANI YA MSHIPA

Moyo wako hupiga mara laki moja hivi kila siku, ukisukuma damu katika mabomba tuyaitayo mishipa. Mishipa mikubwa inayotoka moyoni huitwa ateri. Kwa ndani ateri imetandikwa ngozi nyembamba sana, laini kuliko ngozi ya ndani ya shavu lako. Ngozi hiyo ikiwa nzima, damu hupita kwa kuteleza wala haigandi.

Lakini yako mambo yanayoichubua au kuikasirisha. La kwanza ni shinikizo kubwa la damu, ambalo sisi twaliita presha: damu ikisukumwa kwa nguvu mno mwaka baada ya mwaka, ukuta huchoka. La pili ni moshi wa tumbaku. La tatu ni ugonjwa wa kisukari. La nne ni mafuta aina ya lehemu yanapozidi katika damu. Mafuta hayo hupenya chini ya ile ngozi laini, yakakaa humo, yakaharibika kama vile mafuta ya kula yanavyoharibika yakiachwa juani siku nyingi.

Hapo ngozi ya mshipa hupiga yowe. Huweka juu yake vitu kama vishikizo, na askari wanaopita katika damu hunaswa hapo. Kisha hupenya, wakaingia ndani ya ukuta. Wakifika hugeuka kuwa walaji, wakaanza kula yale mafuta yaliyoharibika. Wanakula, wanakula, mpaka wamejaa pomoni. Ukiwatazama kwa hadubini wakati huo, kila mmoja amejaa matone ya mafuta, anaonekana kama povu la sabuni. Mwaka 1913 bingwa wa Urusi, Nikolai Anichkov, alionyesha jambo hili kwa sungura: aliwalisha lehemu, na mishipa yao ikajaa chembe hizo zenye mafuta.

Mlaji aliyeshiba hivyo hawezi kutoka tena kwa urahisi. Hufa papo hapo, na mafuta aliyoyameza humwagika tena ukutani. Askari wengine huitwa kuja kusafisha. Nao hula, nao hufa. Ndivyo inavyoendelea, miaka 10, miaka 20, bila mtu kuhisi maumivu yo yote.

JIPU LISILOONEKANA

Matokeo yake twaweza kuyafananisha na jipu. Ndani mna mafuta na mizoga ya askari. Juu pamefunikwa na kovu. Mara nyingine jipu hilo huota polepole na kuubana mshipa, mtu akawa anasikia kifua kumbana apandapo mlima, na kupata nafuu apumzikapo. Mara nyingine halibani sana, lakini lile kovu la juu ni jembamba. Askari waliomo ndani, katika hasira yao, hutoa maji makali yanayolila kovu hilo. Siku moja linapasuka.

Hapo damu hufanya kosa ambalo kwa kidonda cha nje ni wema mkubwa: huganda ili kuziba jeraha. Bonge la damu linaziba mshipa wote. Ikiwa ni mshipa wa moyo, sehemu ya moyo hukosa damu ikaanza kufa. Ikiwa ni wa ubongo, mtu hupatwa na kiharusi. Mtu aliyelima vizuri asubuhi huanguka kabla ya adhuhuri.

Lakini jueni kwamba si kila kiharusi hutokana na kuziba. Viko vinavyotokana na mshipa kupasuka na damu kumwagika katika ubongo, na chanzo chake kikubwa ni presha isiyotibiwa. Kwa hiyo kupima presha ni kinga ya aina zote mbili.

ASKARI WALIO MAFUNDI

Usiwachukie askari hawa bado. Tazama kidonda kinachopona: chini yake huota nyama changa nyekundu. Wekundu ule ni mishipa mipya midogo midogo. Nani aliyeiita? Ni wale wale walaji. Wakimaliza kusafisha mahali, hutoa wito, na mishipa iliyo karibu huanza kuchipuka kama mti uliokatwa matawi. Bila wito huo hata kidonda cha jembe kisingepona.

Mama aliyechukua mimba naye husaidiwa nao. Katika miezi ya kwanza, chembe nyeupe za aina ya pekee hukusanyika katika tumbo la uzazi, zikasaidia kuipanua mishipa ya mama ili damu ya kutosha imfikie mtoto.

Kazi nyingine ya ajabu hufanyika pale ateri inapoziba polepole. Wewe wajua: barabara ya magari ikikatwa na korongo wakati wa masika, watu hupita katika vijia vya pembeni, na vijia vikipitwa kila siku hupanuka, mwisho hata gari hupita. Mwilini ni hivyo hivyo. Kando ya ateri kubwa kuna vijishipa vidogo vinavyounganika. Njia kuu ikizibwa, damu husukumana katika vijishipa hivyo. Msukumo ule huwaita askari; hujishika ukutani, na kusaidia kukijenga upya kijishipa mpaka kikawa ateri kamili. Mabingwa wa Ujerumani waliwaona wakiifanya kazi hiyo katika mioyo ya mbwa, miaka ya 1970. Wako wazee wanaoishi leo kwa njia za pembeni za namna hiyo, nao hawajui.

Lakini ufundi huo nao waweza kwenda upande mbaya. Mwaka 1971 daktari Judah Folkman wa Boston, Marekani, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila kujiitia mishipa mipya ya kuulisha. Na leo twajua kwamba saratani huwadanganya askari wetu wauletee mishipa hiyo. Hali kadhalika lile jipu la ndani ya ateri huota mishipa midogo, dhaifu, inayovuja damu, na kuingiza askari wengine zaidi.

TUWAFUKUZE AU TUWAITE?

Sasa wewe mwenye akili utauliza: Kwa nini madaktari wasiwaongeze askari ili watujengee mishipa mipya? Au kwa nini wasiwafukuze ili wasitutie majipu? Maswali yote mawili yamejaribiwa.

Kwanza, kuwaita. Mabingwa waliwapa panya wenye lehemu nyingi dawa ya kuwaita askari hao. Mishipa ya pembeni ikaongezeka, na watu wakafurahi. Walipotazama ateri kubwa za panya wale wale, majipu yalikuwa yameongezeka pia. Wito ni mmoja: ukimwita fundi, mharibifu naye anakuja.

Kisha, kuwafukuza. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa, wa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo. Walipewa dawa ya sindano inayoizima sauti moja tu ya yowe la askari. Lehemu yao haikupungua kwa dawa hiyo, lakini kwa kipimo kilichofaa zaidi mashambulio mapya, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa kiasi cha 15 kwa mia. Hapo ikathibitika kwamba askari wana hatia kweli, wala si mafuta peke yake. Lakini katika wale waliopewa dawa, waliokufa kwa maradhi ya vijidudu walikuwa wengi zaidi. Ukimnyang'anya mlinzi mkuki, mwizi naye anajua. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba dawa ya zamani ya jongo iitwayo kolchisini, kwa kiasi kidogo sana, hupunguza mashambulio kwa wagonjwa wa moyo. Dawa hiyo ikizidi ni sumu; basi asije mtu akaenda kuinunua dukani kwa kusoma gazeti.

Maana ya majaribio hayo ni hii: kuwafukuza askari ni hatari, na kuwachochea ni hatari. Kilicho bora ni kuwaondolea sababu ya kupigana kila siku.

JE, NI MARADHI YA WAZUNGU?

Wako wanaosema kwamba haya ni maradhi ya Ulaya, au ya matajiri wa Dar es Salaam wenye vitambi. Hebu tuone.

Ni kweli kwamba zamani yalikuwa machache sana kwetu. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika pamoja na mwenzake mwaka 1956 habari za mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja! Wakati huo jambo hilo lilikuwa geni hata likastahili kuandikwa katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Leo hapana daktari atakayeandika hivyo. Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, na wagonjwa wake hutoka mikoa yote.

Hata hivyo mbegu ya ugonjwa imo katika kila taifa la watu. Mwaka 2013 mabingwa walitangaza kwamba wamepiga picha maiti 137 za kale zilizokaushwa, za Misri na za nchi za Amerika. Katika 47 kati yake walikuta dalili za ateri zilizougua. Watu hao walikuwa hawajaona sigara za dukani wala chipsi. Mabingwa wakaanza kuwaza mambo kama vijidudu vya maradhi visivyokwisha, na moshi wa moto ndani ya nyumba. Yote mawili huwaweka askari vitani siku zote.

Wamasai nao wametupa fundisho. Mwaka 1972 daktari George Mann na wenzake waliandika habari za mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Walitazamia kukuta ateri safi. Wakakuta mafuta ukutani kama ya wazee wa Marekani! Lakini ateri zenyewe zilikuwa zimepanuka, damu ikapata nafasi ya kupita. Mabingwa wale walidhani kwamba kutembea mwendo mrefu kila siku ndiko kulikowasaidia.

Tena, hapo karibu tu na Kinyangiri, katika Wilaya hii hii ya Mkalama, upande wa Munguli, wako Wahadzabe. Wengi tumezoea kuwacheka kwa maisha yao ya porini. Mabingwa waliowapima Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, wakawavalisha vifaa vya kuhesabu mapigo ya moyo, waliandika mwaka 2017 kwamba watu hao huutaabisha mwili kwa mwendo wa nguvu karibu dakika 135 kila siku. Na wenye presha kati yao, hata wazee, ni wachache. Basi kuna jambo la kujifunza kwao kabla ya kucheka.

SAHANI MBILI ZA KILIMANJARO

Sasa sikilizeni habari iliyo muhimu kuliko zote kwetu, maana imetoka nchini mwetu. Mabingwa wa KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, akiwamo Godfrey Temba wa Tanzania, waliwachunguza watu 323 wazima wa mkoa wa Kilimanjaro, wa mjini na wa vijijini. Wakatoa damu, wakawajaribu askari waliomo. Mwaka 2021 walitangaza walichokiona: askari wa watu wa mjini walikuwa wepesi zaidi kuwaka. Wa vijijini walikuwa watulivu zaidi, na damu yao ilikuwa na vitu vingi zaidi vitokavyo katika mimea. Watu ni wa nchi moja. Tofauti kubwa ilikuwa katika maisha na chakula.

Ndipo wakafanya jaribio, matokeo yakatangazwa mwaka 2025. Walichukua vijana wanaume 77 wenye afya. Wa vijijini kadhaa walipewa chakula cha kigeni kwa majuma mawili: mkate mweupe, soseji, viazi vya kukaanga na mfano wa hayo. Wa mjini kadhaa walipewa chakula cha asili cha Kilimanjaro: mboga za majani, maharage, ndizi, mihogo, nafaka kama ulezi na mtama. Wengine wa mjini walipewa kinywaji cha ndizi kilichochachuka, yaani mbege, kwa juma moja. Wachache waliachwa wale kama kawaida yao, ili pawe na kulinganisha.

Majuma mawili tu! Walioacha chakula cha asili, dalili za askari kuwaka ziliongezeka katika damu yao, uzito ukapanda, na askari wao wakawa wavivu walipokutanishwa na vijidudu vya kweli. Yaani wakawa kama mgambo anayepiga kelele usiku kucha, lakini mwizi akija amelala. Waliorudia chakula cha asili walitulia. Na baada ya majuma manne mengine, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yaonekana.

Hapa naona baba mmoja anatabasamu kwa sababu ya mbege. Polepole, baba! Kweli waliokunywa walionyesha dalili za kutulia, lakini lilikuwa juma moja, kwa kipimo kilichowekwa na madaktari, kwa vijana wazima. Mabingwa walisifu kule kuchachuka, hawakusifu ulevi. Pombe nyingi hupandisha presha, na hilo halina ubishi.

Tena tuseme ukweli wote: vijana 77 ni wachache, na majuma mawili si maisha. Jaribio hilo halikuhesabu vifo vya moyo. Lakini latuonyesha njia: sahani iliyo mbele yako huzungumza na askari wako tangu siku za kwanza.

NYUMBANI KWAKO

Basi, wazazi, kuna mambo gani ya kufanya hapa kijijini bila fedha nyingi?

Chakula. Ugali wa uwele na wa mtama, mlenda, kunde, maharage, mboga za majani, karanga: hivi si vyakula vya aibu. Mgeni akija msikimbilie kuvificha. Mwanao akirudi kutoka mjini na kudai soda na mkate mweupe kila asubuhi, mwelezeni habari ya vijana wa Kilimanjaro. Mafuta yetu ya alizeti ni mazuri. Lakini msiyakaangie mara nyingi mpaka yakawa meusi. Chumvi tieni kidogo, maana hupandisha presha.

Mwendo. Pikipiki ni msaada mkubwa kwa mgonjwa na kwa mzigo. Lakini kijana mwenye miguu mizima anayeipanda kwenda dukani hatua mia mbili, anaifunga mwenyewe mishipa yake. Kutembea huisukuma damu katika vijia vya pembeni, navyo hujengwa.

Tumbaku. Hapana maneno mengi: anayevuta sigara huchubua mishipa kila avutapo, na walio karibu naye hupata sehemu yao.

Moshi wa jikoni. Jiko la mafiga matatu katika chumba kisicho na dirisha humtia mama moshi kwa saa nyingi kila siku. Moshi huo huingia mapafuni, na askari wa mwili mzima huamka. Hesabu za wakuu wa afya duniani zinautaja kuwa mojawapo ya vyanzo vya maradhi ya moyo na kiharusi. Baba, toboa dirisha pana au jenga jiko lenye dohani. Kuni ziwe kavu. Kazi ya siku moja yaweza kumwongezea mkeo miaka.

Kupima. Presha haina sauti. Kila mtu mzima, hasa aliyepita miaka 40, apimwe kila aendapo kituo cha afya, hata kama alikwenda kwa sababu ya homa. Akipewa dawa ya presha asiiache ati kwa kuwa amepata nafuu. Dawa hiyo haiponyi ikaisha kama ya malaria; hulinda siku ile unayoimeza.

Vidonda na meno. Kidonda kisichopona na ufizi unaotoa usaha huweka askari vitani. Tibuni mapema.

MTU AKIANGUKA GHAFLA

Neno la mwisho ni zito. Mtu akianguka ghafla bila kuugua, watu wengi huuliza upesi: Nani amemroga? Mgonjwa hufungiwa ndani, wajumbe hutumwa kwa mpiga ramli, na saa zilizokuwa za kumwokoa hupita. Kisha macho hugeuziwa bibi kizee fulani, mjane, mwenye macho mekundu. Katika mikoa ya kaskazini yetu, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa sababu kama hiyo. Fikirini, ndugu zangu: macho ya bibi yule yamekuwa mekundu kwa kupika miaka 50 katika moshi wa kuni na samadi. Moshi ule ule huidhuru mishipa ya watu. Yeye hakuutuma kwa mtu. Ameumezwa kuliko wote.

Aliyeanguka hakutegewa kitu usiku wa jana. Jipu lilikuwa likiota katika ateri yake miaka mingi, au presha ilikuwa ikiuchosha ukuta, na hakuna aliyepima.

Kwa hiyo shikeni dalili hizi, na watoto wafundishwe. Mwambie mgonjwa atabasamu: je, upande mmoja wa uso umelegea? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Aseme jina lake na la kijiji chake: je, maneno yanamkwama? Ikiwa hata moja ni ndiyo, ni kiharusi mpaka daktari aseme sivyo. Na mtu mzima akibanwa kifua kwa uzito, maumivu yakipanda shingoni au kushuka mkononi, jasho jembamba likimtoka, huo ni moyo.

Angalieni saa dalili zilipoanza, maana daktari atawauliza. Msimpe mwenye kiharusi chakula, wala maji, wala dawa ya kunywa, kwa kuwa koo lake huenda haliwezi kumeza. Akiwa amezimia mlazeni ubavu. Tafuteni chombo cho chote chenye magurudumu, mumpeleke kituo cha afya cha Kinyangiri au hospitali iliyo karibu nanyi saa ile ile, usiku au mchana. Kila dakika, sehemu ya moyo au ya ubongo inakufa kwa kukosa damu.

Na akifariki licha ya hayo, mzikeni kwa amani, mkampime presha kila ndugu yake aliye hai. Hilo ndilo jibu la kweli la swali lile, Nani amemwua.